Waliolijua pango: Mat Bransford, Parthena na kizazi chao

Mkataba ulikuwa wa dola 100 kwa mwaka. Kwa fedha hizo, mwaka 1838, wakili mmoja wa mji wa Glasgow katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, Franklin Gorin, aliwakodi vijana wawili watumwa, Mat na Nick, kutoka kwa tajiri aliyeitwa Thomas Bransford. Gorin alikuwa ametoka kununua pango kwa dola 5,000, akahitaji watu wa kuwaingiza wageni ndani yake na kuwatoa wakiwa wazima. Kijana wa tatu alikuwa mali yake mwenyewe: Stephen Bishop, ambaye umri wake wakati huo unakadiriwa kuwa miaka 17.

Thomas Bransford alikuwa bwana wa Mat. Alikuwa pia baba yake mzazi. Mama yake Mat alikuwa mtumwa, na sheria ya Kentucky, sawa na ya majimbo yote ya utumwa, ilimpa mtoto hadhi ya mama. Aliyezaliwa na mtumwa alikuwa mtumwa, hata pale ambapo baba ndiye aliyeshika hati ya kummiliki. Kwa hiyo mzee alimkodisha mwanawe kama anavyokodishwa nyumbu wa kulimia, akapokea kodi yake, na kijana akashuka gizani.

Huko chini Mat alifanya kazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwanawe akamfuata, wajukuu wakamfuata baba yao, na kwa takriban miaka mia moja wageni waliofika katika pango la Mammoth walipokewa na mtu wa ukoo wa Bransford mwenye taa mkononi. Pango hilo ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Njia zake zilizokwisha kupimwa zimepita kilomita 680. Kutoka mji wetu wa Likasi, huku Katanga, hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Njia za pango zingejaza safari hiyo mara tano na kubaki.

Msomaji wa Likasi ana sababu ya kuisikiliza habari hii kwa karibu. Huu ni mji uliozaliwa na mashimo. Watu wake wameingia ardhini kwa vizazi, wengine kwa kutafuta riziki, wengine kwa kushurutishwa, na leo wachimbaji wa mikono, wale wanaoitwa mjini creuseurs, bado wanashuka na tochi kichwani. Hata mawe ya pande hizi mbili yamewahi kukaribiana. Urani ya Shinkolobwe, iliyosafirishwa mwaka 1940 na Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière hadi New York, iliingia katika mradi wa bomu la atomiki, na mtambo mmoja mkubwa wa mradi huo ulikuwa Oak Ridge, jimbo la Tennessee, linalopakana na Kentucky upande wa kusini.

Na pango la Mammoth lenyewe, kabla ya kuwa mahali pa matembezi, lilikuwa mgodi.

Vita vya mwaka 1812 kati ya Marekani na Uingereza viliikatia Marekani baruti iliyokuwa ikitoka ng'ambo. Baruti haitengenezeki bila shura, ile chumvi inayopatikana katika udongo mkavu wa mapango. Watumwa wapatao 70 waliingizwa pangoni kuichimba. Walibeba udongo hadi kwenye matangi makubwa ya mbao, wakaumwagia maji yaliyoletwa kutoka mlangoni kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa, kisha maji yale yaliyokolea chumvi yakasukumwa nje na kuchemshwa pamoja na maji ya majivu. Matangi na mabomba hayo yangali humo mpaka sasa, hayakuoza, kwa sababu hewa ya ndani ni kavu na haibadiliki. Vita vilipokwisha bei ya shura ilianguka, wenye pango wakageukia wageni wa kulipa kiingilio.

Baruti ina historia yake Katanga pia. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijijengea himaya yake Bunkeya, na akaiendesha kwa kuuza shaba, pembe za ndovu na watu. Misafara iliyotoka pwani ya Angola na ile ya Waswahili kutoka mashariki ilimletea nguo, bunduki na baruti; ikaondoka na mateka. Huko Kentucky mtumwa alichimba chumvi ya baruti. Huku kwetu mtu alitolewa awe bei ya baruti. Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Kapteni Stairs, na nchi ikaingia mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Wasanga, watu wa Katanga, hawakukubali bwana mpya. Kiongozi wao mmoja, Mulume Niama, alipigana na askari wa Leopold waliokuwa na mizinga, kisha akaingia na watu wake katika pango la mawe ya chokaa liitwalo Tshamakele. Askari waliwasha moto kwenye milango yake mitatu ili moshi uwatoe. Baada ya wiki moja walituma mjumbe, wakajibiwa kwamba hakuna wa kusalimu amri. Mzingiro ukaendelea miezi mitatu. Walipoingia walikuta maiti 178. Halafu wakaporomosha mawe na udongo juu ya pango, makusudi, ili pasibaki mahali ambapo watu wangeweza kuja kuwakumbuka.

Hilo linafaa kukumbukwa tunaposoma habari za Kentucky, kwa sababu huko nako vita kubwa ilikuwa ya majina: nani ataandikwa kuwa ndiye aliyelijua pango.

Kazi ya mwongozaji haikuwa nyepesi. Alibeba taa za mafuta ya nguruwe, mafuta ya akiba, chakula cha wageni, na vitambaa vilivyolowekwa mafuta ambavyo aliviwasha na kuvirusha juu ili watu waone kimo cha ukumbi. Alitakiwa kukumbuka njia zinazogawanyika na kukutana tena mahali pasipo jua wala upepo. Alitakiwa pia kuwa msimulizi. Wageni walikuwa matajiri wa Ulaya na wa majimbo ya kaskazini, wasomi, mabwana wenye watumwa wao nyumbani, na kwa saa kadhaa uhai wao ulikuwa mikononi mwa kijana ambaye huko juu wangeweza kumnunua. Ndani ya pango yeye ndiye aliyesema simama, inama, shika kamba. Walitii.

Njia iliyokuwa ikijulikana wakati huo iliishia kwenye shimo lenye kina kirefu, waliloliita Shimo Lisilo na Mwisho. Mwaka uleule wa 1838 Stephen Bishop na mgeni mmoja jasiri walilaza ngazi juu yake, wakavuka. Upande wa pili kulikuwa na pango jingine zima: kumbi, mito ya chini kwa chini, na samaki weupe wasio na macho. Stephen, Mat na Nick waliendelea kupenya huko mwaka baada ya mwaka, na kila njia mpya iliongeza thamani ya mali ya mtu mwingine. Mwaka 1839 Gorin aliliuza pango kwa daktari John Croghan wa Louisville kwa dola 10,000. Stephen aliuzwa pamoja nalo. Mkataba wa kuwakodi Mat na Nick ukaendelea.

Mwaka 1842 Croghan alimpeleka Stephen kwenye shamba la familia yake, Locust Grove, karibu na Louisville, akamkalisha mezani achore ramani. Stephen aliichora kutoka kichwani. Ilichapishwa mwaka 1845 katika kitabu kilichoandikwa kuwavutia wageni, na jambo la kushangaza kwa zama zile ni kwamba jina la mchoraji liliwekwa: Stephen Bishop, mmoja wa waongozaji. Kiasi cha nusu ya njia zilizomo katika ramani hiyo aliziona yeye kwanza. Kusoma na kuandika alikuwa amejifunza kazini, kwa kuwaangalia wageni wakiandika majina yao kwenye dari kwa moshi wa mshumaa uliofungwa kwenye kijiti.

Mahali pengine jina halikuwekwa. Mwanafikra Ralph Waldo Emerson alitembelea pango mwaka 1850 akaja kuandika insha mashuhuri inayoanzia humo. Anaeleza walivyofika ukumbi wa nyota, mwongozaji akachukua taa zao na kuzificha, na juu yao likatokea anga lililojaa nyota. Dari ya ukumbi huo ni nyeusi kwa manganizi na ina madoadoa meupe ya jasi, na mwanga mdogo uliofichwa nyuma ya jiwe huyafanya yang'ae. Mchezo mzima ulikuwa ufundi wa mwongozaji, na hata nyota yenye mkia aliweza kuwaonyesha wakimpa nafasi. Katika insha ya Emerson yeye ni mwongozaji tu. Kwa samaki vilevile: mtaalamu James DeKay wa New York alimweleza kisayansi samaki asiye na macho mwaka 1842, na jina la DeKay hutajwa pamoja na samaki huyo hadi leo, ilhali waliowavua katika maji yale meusi kwa neti za mkono walikuwa waongozaji.

Katanga tunaujua mtindo huu. Mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipopita hapa mwaka 1892 akieleza utajiri wa shaba, mashimo aliyoyaandika, ya Kambove na ya Likasi, yalikuwa yamechimbwa zamani na wenyeji, na misalaba ya shaba iliyoyeyushwa humo ilikuwa ikitumika kama fedha katika nusu ya Afrika ya kati. Leo kuna madini yanayoitwa kornetaiti, kwa heshima yake, na sengieraiti, kwa heshima ya Sengier. Mji wetu wenyewe ulibeba jina la Jean Jadot, Jadotville, hadi baada ya uhuru. Kwa bahati kuna likasaiti, madini ya buluu yaliyotambuliwa mara ya kwanza katika mgodi wa Likasi na kupewa jina lake miaka ya 1950. Likasaiti ni shaba iliyoungana na naitrati, yaani kiini kilekile cha shura waliyoichimba watumwa wa Kentucky.

Turudi kwa Mat, maana yeye hakuchora ramani na wageni mashuhuri waliandika machache juu yake. Sifa yake kwa walioongozwa naye ilikuwa upole na utaratibu, mtu wa kutosukuma watu. Aliandika jina lake kwenye mwamba, na bado linasomeka.

Alimwoa Parthena, mtumwa wa bwana mwingine. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, na hapa ndipo kanuni ile ya kufuata mama ilipowauma kwa mara ya pili. Watoto waliozaliwa hawakuwa wa Mat wala wa Parthena. Walikuwa wa mwenye Parthena. Walipata watoto wanne. Watatu waliuzwa.

Inafaa kutulia kidogo juu ya jambo hilo. Siku ambayo mtoto wake alichukuliwa, na siku zilizofuata, Mat aliamka akaenda mlangoni mwa pango kupokea wageni. Alitakiwa kutabasamu, kutania, kuimba katika boti kwenye mto Echo ili wasikie sauti ikirudi, kupokea bahashishi. Watu waliokuja kutoka Boston na London kuona maajabu ya Mungu walikuwa wakimlipa mwongozaji wa utulivu bila kujua, au bila kuuliza, alikuwa ameacha nini nyumbani. Kisha alirudi kwa Parthena. Mtoto mmoja, Henry, alibaki nao.

Mabwana hawakuwa wote wa aina moja, na mtu mwadilifu ataeleza hilo. Croghan alikuwa na huruma ya namna fulani na pia alikuwa na ndoto za hatari. Aliamini kwamba hewa ya pango ingeponya kifua kikuu. Kuanzia vuli ya mwaka 1842 wagonjwa kiasi cha kumi na watano waliishi ndani, katika vibanda vya mawe na mbao, wakihudumiwa na watumwa waliowaletea chakula na kuni. Moshi wa mioto yao ulikaa humohumo. Baadhi yao walifia pangoni, waliobaki wakatolewa miezi michache baadaye wakiwa hoi kuliko walivyoingia. Vibanda viwili vya mawe vingalipo. Croghan mwenyewe aliugua kifua kikuu, akafa mwaka 1849.

Wasia wake uliagiza watumwa wake waachwe huru miaka saba baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwaka 1856 Stephen Bishop akawa mtu huru. Mat na Nick, waliobeba taa zilezile na kuvuka mashimo yaleyale, hawakuguswa na wasia huo kwa sababu walikuwa wa kukodiwa. Umiliki wao ulikuwa kwa akina Bransford.

Stephen hakuufaidi uhuru. Alikuwa amemwoa Charlotte, mtumwa wa Locust Grove, na walikuwa na mtoto wa kiume, Tom. Kona moja ya pango bado inaitwa kwa jina la Charlotte. Aliwaambia wageni kuhusu nia yake ya kuhamia Liberia. Mwaka 1857 alifariki, akiwa na miaka kama 37. Kaburi lake lilikaa bila jiwe zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1878 tajiri mmoja wa Pittsburgh, James Mellon, alifika pangoni, akazungumza na Charlotte, akaahidi jiwe, na mwaka 1881 likaletwa kweli: jiwe lililokuwa limechongwa kwa ajili ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambaye familia yake haikulilipia, likafutwa na kuandikwa upya. Linamtaja kuwa mwongozaji na mpelelezi wa kwanza wa pango la Mammoth. Mwaka wa kifo uliochongwa ni 1859, umekosewa kwa miaka miwili.

Charlotte aliolewa tena, na Nick Bransford. Nick na Mat hawakuwa ndugu wa damu. Jina walilipata kwa bwana mmoja, na kwa kukaa pamoja pangoni wakalifanya la ukoo. Nick alikuwa mtu wa maneno machache, na inasimuliwa kwamba aliununua uhuru wake kwa fedha alizodunduliza kwa kuwauzia wageni samaki wasio na macho.

Mat aliungoja wake hadi mwisho kabisa. Tangazo la Rais Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 liliwahusu watumwa wa majimbo yaliyoasi, na Kentucky haikuwa imeasi. Kwa karibu miaka mitatu zaidi, wakati watumwa wa Alabama na Georgia walikuwa wametangaziwa uhuru, mtumwa wa Kentucky alibaki mtumwa kwa mujibu wa sheria. Askari wa pande zote mbili za vita waliingia pangoni kutembea na waliongozwa na watumwa. Badiliko la 13 la Katiba ndilo lililomaliza jambo hilo mnamo Desemba 1865, na Bunge la Kentucky lilikataa kuliidhinisha; liliidhinisha, kwa heshima tu, mwaka 1976.

Akiwa huru, Mat alirudi palepale. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini. Jibu liko wazi kwa yeyote aliyekulia mji wa migodi: ujuzi ule ulikuwa wake. Hakuna aliyeweza kuurithi kwa hati wala kuuza mnadani bila yeye mwenyewe kuwepo. Tofauti ni kwamba sasa mshahara uliingia mfukoni mwake, na mwanawe Henry alipokuja kujifunza njia, alijifunza kama mtoto anayefundishwa kazi na baba yake. Mat alifariki mwaka 1886.

Henry naye akaishika taa, na wanawe Matt na Louis wakaichukua. Akina Bishop hawakuwa mbali: Ed Bishop, wa ukoo wa Stephen, ndiye aliyemwongoza mhandisi Mjerumani Max Kämper mwaka 1908 walipotengeneza ramani iliyowashangaza wapimaji wa baadaye kwa usahihi wake. Tena ujuzi wa miguu ya mwongozaji ukaingia katika karatasi, na ramani inaitwa ya Kämper, ingawa ukumbi na shimo vilipewa majina yao wote wawili.

Matt na mkewe Zemmie walifanya jambo ambalo pengine ndilo la ujasiri zaidi katika historia ya ukoo huu. Miaka ya 1920 hoteli ya pango haikupokea wageni weusi. Mtu mweusi aliyesafiri kutwa kuja kuona pango ambalo watu wake walilipasua njia hakuwa na mahali pa kulala. Basi Matt na Zemmie walifungua nyumba ya mapumziko kwenye ardhi yao. Matt alikwenda mijini kuwaalika watu, Zemmie akawapikia na kuwalaza, na asubuhi Matt akawaingiza pangoni. Kwa wageni hao mwongozaji hakuwa mtumishi mwenye adabu anayesimulia hadithi za mabwana. Alikuwa mwenyeji wao, na mjukuu wa Mat.

Kilichoumaliza mwendo huo si utumwa. Ni hifadhi. Serikali ya Marekani iliamua kulifanya pango na misitu yake kuwa hifadhi ya taifa, ardhi ikanunuliwa au ikachukuliwa kwa nguvu ya sheria, na mamia ya familia, weupe na weusi, zikahamishwa. Ardhi ya akina Bransford ilikuwa ndani ya mpaka, na makaburi yao pia. Louis alistaafu. Hifadhi ilianza rasmi tarehe 1 Julai 1941, ikiwa na waongozaji wa serikali, na vijana weusi wa familia zile hawakupewa kazi hiyo. Yaani watu waliotunza kazi hiyo chini ya mjeledi na chini ya ubaguzi waliipoteza kwa kalamu ya ofisa.

Desemba ya mwaka huohuo 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma hapa Jadotville na kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mshahara unaolingana na bei za wakati wa vita. Walijibiwa kwa risasi. Vita vilikuwa vinahitaji shaba.

Kule Kentucky, tangu Louis alipostaafu, zaidi ya miaka 60 ilipita bila Bransford hata mmoja kuongoza pangoni. Katika kipindi hicho sifa za pango ziliongezeka. Tarehe 9 Septemba 1972 kundi la wapelelezi, akiwemo Patricia Crowther aliyepenya upenyo ambao wengine walishindwa, lilitembea ndani ya maji na matope kutoka mapango ya Flint Ridge hadi likatokea katika mto Echo, njia ambayo Stephen, Mat na Nick waliwavusha wageni kwa boti. Pango likathibitika kuwa refu kuliko yote duniani. Mwaka 1981 UNESCO ikaliweka katika urithi wa dunia. Vipeperushi viliendelea kumtaja Stephen, kidogo. Parthena hakutajwa.

Mwaka 2004 hifadhi ilimwajiri Jerry Bransford, kilembwe wa Mat, aliyekuwa amestaafu kazi nyingine. Alivaa sare ya serikali ileile iliyokuwa imewafungia mlango wazee wake, akashika njia waliyoizoea. Wageni wake walisikia habari za shura na watumwa 70, za dola 100 kwa mwaka, za baba aliyemkodisha mwanawe, na za watoto watatu waliouzwa. Alitafuta pia kumbukumbu za familia katika hati na makaburi, akizungumza hadharani kwa miaka mingi, na kwa sababu yake simulizi rasmi ya pango imebadilika: hivi sasa huwezi kueleza jinsi lilivyojulikana bila kueleza nani alimilikiwa na nani.

Mwaka huohuo wa 2004, Januari, amri ya rais wa Kongo ilifunga mgodi wa Shinkolobwe. Wachimbaji waliendelea kuingia kwa sababu njaa haikufungwa pamoja na mgodi, na mwezi Julai sehemu ya shimo iliporomoka ikaua watu wanane. Dunia ilishtuka kwa siku chache, hasa kwa hofu ya urani.

Majina ya akina Bransford yalinusurika kwa njia nyingi zilizoungana: mkataba wa kukodi, wasia wa daktari, moshi wa mshumaa kwenye mwamba, jiwe la kaburi lenye tarehe isiyo sahihi, na zaidi ya yote familia iliyoendelea kusimuliana. Katanga ina nyenzo zake. Lubumbashi, tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekuwa ukikusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida, vitu vyao vya nyumbani na masimulizi yao, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ametumia maisha yake ya kazi kuandika habari za wafanyakazi wa Union Minière na za watoto wao. Kazi ya namna hiyo inahitajika Likasi, nyumba kwa nyumba, na inahitajika mapema. Wastaafu wa kampuni ya Gécamines wa Panda na Shituru wamo humu mjini, wengi wakiwa wazee sana. Wapo wanaojua ni nani katika babu zao aliyeshuka shimo gani, alishushwa na nani, na aliacha watoto wangapi juu.